Nani Amejenga? Mwanamke, Ubunifu wa Majengo na Lugha ya Ujenzi Wilayani Kilosa



1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili husema, "Bwana Juma amejenga Mikumi," bila ya kumaanisha kwamba Bwana Juma alishika mwiko hata siku moja. Maana yake ni kwamba Bwana Juma ana kiwanja, ametoa fedha, na nyumba imesimama. Aliyechora ramani, aliyekoroga zege, aliyechota maji ya kukandikia na aliyeezeka hawamo katika sentensi hiyo. Kitenzi kujenga kimempa sifa mwenye mali, na wengine wote kimewaacha nje ya mlango.

Mhadhara huu unachunguza nafasi ya mwanamke katika kazi ya kubuni na kujenga majengo, kwa kuzingatia lugha inayotumika kuitaja kazi hiyo. Aghalabu suala la wanawake katika taaluma ya ubunifu majengo huachiwa wahandisi, wanasosholojia na wanaharakati. Hata hivyo, suala hili ni la wanaisimu pia, kwa sababu kabla mtu hajalipwa, hajasifiwa wala hajarithi kwa kazi aliyoifanya, sharti kwanza kazi hiyo iwe na jina, na jina hilo likubaliwe kuwa ni la kazi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakimbagui mwanamke katika nomino zake za ujenzi, bali kazi yake hufichwa katika vitenzi na katika namna ya kuitana. Mbunifu majengo wa leo, mwenye shahada na muhuri, amerithi hali ya mkandikaji wa jana: kazi yake inaonekana, ila jina la mjenzi huenda kwa mwingine.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inafaa sana kwa uchunguzi huu. Humo wanaishi Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ni wakulima wanaofuata ukoo wa kuukeni kwa mama, pamoja na wafugaji Waparakuyo wanaosema lugha ya Kimaasai. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, imepita Kilosa mjini na kuleta majengo ya mawe, chokaa na bati. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta vibarua kutoka mbali. Tawi la reli linaloshuka kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu limeunganisha mji wa boma na mji wa barabara kuu, kwani Mikumi imekua kando ya njia iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Basi katika wilaya moja hukutana nyumba ya fito na udongo, nyumba ya mfugaji, jengo la kikoloni, na nyumba ya wageni iliyochorwa na mbunifu aliyesajiliwa. Kila moja ina msamiati wake, na kila msamiati una mtu unayemtaja na mtu unayemnyamazia.

2.0 Ngeli isiyobagua

Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hakina jinsia ya kisarufi. Mjenzi, mwashi, mchoraji, mbunifu na msanifu wote wamo katika ngeli ya kwanza, ngeli ya watu, na kiambishi cha upatanisho a- humhusu mwanamke sawasawa na mwanamume. Hata fundi, ambalo wingi wake ni mafundi, huchukua upatanisho wa watu: fundi amefika, mafundi wamefika. Kijerumani humtenga Architekt wa kiume na Architektin wa kike. Kiarabu kina muhandis na muhandisa. Kiswahili kilipolikopa neno hilo kutoka Kiarabu kilichukua mhandisi peke yake, na umbo la kike kikaliacha huko lilikotoka.

Wako wanaoona kwamba jambo hili latosha kuitakasa lugha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haifiki mwisho wa safari, kwani sarufi huruhusu maneno ambayo matumizi huyawekea mpaka. Kipimo kimoja chepesi ni kuangalia ni wakati gani msemaji huona haja ya kuongeza kivumishi cha jinsia. Husikika fundi wa kike na mbunifu mwanamke. Ni nadra sana kusikia fundi wa kiume. Kwa upande mwingine, husikika mkunga wa kiume na nesi wa kiume. Kivumishi huongezwa pale msemaji anapohisi kwamba msikilizaji, akiachiwa nomino peke yake, atamwona mtu mwingine akilini. Kwa hiyo, ngeli haina jinsia, ila picha iliyomo akilini mwa watumiaji inayo.

Historia ya neno fundi yenyewe yafaa kutazamwa. Yaelekea shina lake ni lile lile la kitenzi -funda, lililozaa fundisha, mwanafunzi na mafundisho. Kitenzi hicho kingali hai kwa maana yake ya kale katika unyago: mwali hufundwa, na anayemfunda ni mwanamke, awe somo au kungwi. Katika jamii za Morogoro mafunzo hayo yalikuwa shule kamili. Kwa asili ya neno, basi, fundi ni mtu aliyefundwa akaweza kufunda wengine. Katika ujenzi neno hilo limehamia upande wa wanaume kwa kiasi kwamba mwanamke anayelidai huonekana kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Mwashi nalo lina safari yake. Limetokana na kitenzi -aka, yaani kujenga kwa mawe, ambacho leo wasemaji wengi hawakijui tena. Ni neno la pwani, la miji ya mawe na chokaa, na lilipopanda bara lilibeba heshima ya kazi ya kulipwa. Mwashi ana ujira. Mkandikaji hana, na kwa hakika hata neno mkandikaji, ijapokuwa ni sahihi kisarufi, ni vigumu kulisikia likitumika kama jina la kazi ya mtu.

3.0 Kujenga, kujengewa na kukandika

Tazama sentensi zifuatazo, ambazo ni mifano ya matumizi ya kawaida:

(1) Bwana Juma amejenga nyumba.
(2) Bi Asha amejengewa nyumba.
(3) Wanawake wamekandika nyumba.
(4) Bi Asha amejijengea nyumba.

Katika (1) mtenda si lazima awe amefanya kazi kwa mikono yake. Yatosha kuwa amegharimia. Katika (2) mwanamke yumo katika kauli ya kutendewa. Amepata nyumba kwa hisani ya mume, mtoto au ndugu, hata kama katika ujenzi huo yeye ndiye aliyepika chakula cha mafundi na kuteka maji ya kufyatulia matofali. Sentensi (3) inamrudisha mwanamke katika kauli ya kutenda, ila kwa kitenzi kingine, kana kwamba kukandika ni jambo linalofuata baada ya kujenga kwisha. Katika (4) kirejeshi -ji- kinaonyesha kwamba msemaji ameona jambo la kutajwa: mwanamke ametenda mwenyewe kilichotarajiwa atendewe. Hali hii inafanana na ile ya kuoa na kuolewa, ambapo tendo moja la watu wawili limegawanywa katika kauli mbili, na kila jinsi ikapewa yake.

Sasa inafaa kuutazama ujenzi wenyewe. Nyumba ya fito katika vijiji vya Kilosa hujengwa kwa hatua. Hukatwa nguzo na fito, huchimbwa mashimo, nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, nyumba hupauliwa, kisha huezekwa kwa nyasi au, siku hizi, kwa bati. Hatua hizo aghalabu ni za wanaume. Nyasi za kuezekea mara nyingi hukatwa na kubebwa na wanawake. Halafu huja udongo: kuuchimba, kuupondaponda, kuutilia maji, kuukanyaga, kuukandika kati ya fito, kuusiriba ukuta ndani na nje, na kuishindilia sakafu. Hapa wanawake na watoto ndio wengi.

Akitazama kwa jicho la mbunifu majengo, mtu ataona kwamba sehemu ya pili si pambo la sehemu ya kwanza. Fito bila udongo ni kizimba tu. Udongo ndio unaozuia upepo, unaoipa nyumba ubaridi mchana na kuhifadhi joto usiku, na unaoukinga mti dhidi ya moto. Anayekandika sharti ajue udongo upi una mfinyanzi mwingi na utapasuka ukikauka, upi una mchanga mwingi na utamomonyoka kwa mvua, na wakati gani wa kuongeza majani makavu au samadi ili ushikamane. Maarifa hayo ndiyo chuo humfundisha mwanafunzi chini ya somo la vifaa vya ujenzi. Kijijini hayana jina, kwa kuwa lugha imeyaweka katika kitenzi cha kazi za nyumbani, pamoja na kufagia na kupika.

Methali nayo inashuhudia. Waswahili husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii imetukuza uzibaji wa ufa kuwa busara ya maisha yote. Katika nyumba ya udongo, anayeuona ufa mapema na kuuziba kila kipupwe kabla masika hayajafika ni mwanamke wa nyumba hiyo. Busara yake imekuwa mali ya umma; jina lake la kazi halikuundwa.

4.0 Maboma mawili

Kilosa ina boma la namna mbili. Boma la kwanza ni lile la serikali, alama ya utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza. Boma la pili ni lile la wafugaji Waparakuyo, kama wale wa vijiji vya Parakuyo na Twatwatwa, ambao maisha yao yalichunguzwa kwa miaka mingi na mwanaanthropolojia Peter Rigby. Kiswahili kinayaita yote mawili kwa neno moja, na neno hilo linastahili kupimwa.

Maana ya msingi ya boma ni uzio, yaani kizuizi cha miti, miiba au mawe kinachozunguka mahali. Katika makazi ya wafugaji wa jamii ya Kimaasai, uzio wa miiba ni kazi ya wanaume. Nyumba zilizomo ndani ya uzio hujengwa na wanawake. Mwanamke ndiye anayechagua na kukata fito, anayezipinda na kuzifunga, anayeamua mlango utazame wapi na kitanda kikae wapi, na anayekandika kwa udongo na samadi. Nyumba hiyo, inayoitwa enkaji, huhesabiwa kuwa ni yake yeye aliyeijenga, na mume mwenye wake kadhaa hulala katika nyumba za wake zake. Hapa mwanamke ni mbunifu, mjenzi na mwenye nyumba kwa pamoja.

Kiswahili kinapoyataja makazi hayo husema boma la mzee fulani. Sehemu iliyojengwa na mwanamume imekuwa jina la makazi yote, na nyumba zilizojengwa na wanawake zimemezwa na uzio. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu katika jambo hili; ndivyo maneno yanavyotanua maana zao. Hata hivyo, mtafiti anayeingia Twatwatwa na neno boma peke yake mfukoni huenda akauliza, "Nani amejenga boma hili?", akapewa jibu la kweli, na akaondoka bila ya kuwauliza wajenzi wa nyumba swali hata moja. Mwanaisimu hapaswi kuridhika na jibu sahihi la swali lililokosewa.

5.0 Kutoka ramani hadi muhuri

Taaluma ya ubunifu majengo kwa maana ya kisasa iliingia Afrika Mashariki pamoja na ukoloni, na wanawake walikuwamo mapema kuliko inavyodhaniwa. Nchini Kenya, Dorothy Hughes alichora Kanisa Kuu la Familia Takatifu la Nairobi, na Erica Mann, aliyezaliwa Vienna na kufika Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili, alishiriki katika mpango mkuu wa mji wa Nairobi wa mwaka 1948. Hao walikuwa wanawake wa Kizungu, wenye fursa ambazo Mwafrika, mume kwa mke, hakuwa nazo. Upande wa Tanzania, Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo, ndiye anayekumbukwa kuwa mbunifu majengo Mwafrika wa mwanzo. Ilipita miaka mingi kabla wanawake wa Kitanzania hawajaingia katika fani hiyo kwa idadi ya kuonekana.

Mlango mkuu ulikuwa Chuo cha Ardhi, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kikapata hadhi ya Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Miongoni mwa wanawake waliojulikana katika fani hii ni Victoria Marwa Heilman, ambaye ni mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kuanzisha kampuni ya ubunifu majengo, na mwanzilishi wa TAWAH, jumuiya ya wanataaluma wanawake wa ujenzi inayojitolea kuwajengea makazi wahitaji. Kazi ya jumuiya hiyo ina maana ya pekee kwa mada hii: wanawake wenye shahada wanashika udongo na tofali pamoja na wanawake wa kijijini, na mpaka uliowekwa kati ya kubuni, kujenga na kukandika unafutwa na mikono ile ile. Kenya nayo ilimchagua Emma Miloyo mwaka 2017 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wabunifu majengo cha nchi hiyo. Uganda ilikuwa na Doreen Adengo, aliyefariki mwaka 2022 akiwa ameacha alama katika ubunifu na ufundishaji.

Istilahi ilifuata njia yake. Sheria ya mwaka 1997, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, iliunda bodi ya usajili ambayo kwa Kiswahili hujulikana kama Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwa jina hilo mbunifu majengo limekuwa istilahi rasmi nchini Tanzania, ingawa msanifu majengo halijatoweka, na Kenya hulipendelea zaidi. Mitaani, mtu huyo huyo huitwa mchora ramani. Tofauti hizi si ndogo. Kubuni ni kutoa jambo akilini. Kusanifu ni kulipanga kwa ustadi. Kuchora ramani ni kuweka mistari juu ya karatasi. Mteja anayesema "nimechorewa ramani" ameyapunguza maarifa ya miaka mingi kuwa kazi ya kalamu. Tena neno mbunifu lisipofuatwa na majengo huwapeleka wasikilizaji wengi kwenye mitindo ya mavazi, na anayeathirika zaidi na utata huo ni mwanamke, kwa kuwa msikilizaji tayari alikuwa anatarajia cherehani.

6.0 Dada, mama na injinia

Eneo la ujenzi ni jukwaa la lugha. Mathalani, katika jengo la nyumba ya wageni pale Mikumi, siku moja huwakutanisha mteja, mbunifu, mkandarasi, mafundi, vibarua na mama lishe. Wanaume hao huitana kwa vyeo: injinia, bosi, mkuu, fundi, hata pale cheo hicho si chao. Kijana aliyemaliza mafunzo ya uashi katika chuo cha ufundi stadi huitwa fundi tangu siku ya kwanza. Mwanamke aliyebuni jengo zima huitwa dada au mama.

(5) Mama, injinia anakuja saa ngapi?

Sentensi hii haina kosa la sarufi wala utovu wa adabu. Kinyume chake, mama ni neno la heshima kubwa, na anayelitumia huenda anajiona muungwana. Tatizo limo katika sehemu ya pili: anayeulizwa ndiye mwenye jengo lake akilini, naye anaulizwa habari za mwanamume ambaye msemaji anaamini kwamba hana budi kuwapo. Neno la undugu limemkaribisha mwanamke katika familia na papo hapo limemtoa katika taaluma.

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba maneno ya undugu ni adui. Katika utamaduni wa Kiswahili cheo kitupu, bila undugu, husikika kama ukavu wa moyo. Mbunifu mwanamke anayemwita msimamizi wa mafundi kaka au mzee hujipatia usikivu ambao amri haiwezi kuupata, na akishazoeleka, neno mama lenyewe hugeuka kuwa mamlaka: "Mama amesema ukuta huu ubomolewe," na ukuta hubomolewa. Suala ni kama undugu unaongezwa juu ya cheo au unachukua mahali pake. Injinia kaka ana vyote viwili. Mama bila mbunifu ana kimoja.

Mambo mengine ya eneo la kazi yanazungumza bila maneno. Vyoo mara nyingi hujengwa mwisho, baada ya jengo kukamilika, na hakuna anayeona ajabu hadi afikapo mwanamke wa kukaa kutwa nzima. Safari za kukagua majengo yaliyo mbali humlazimu mbunifu kulala ugenini. Mwanamume hupewa pole ya safari, na mwanamke huulizwa watoto wameachwa na nani. Kipimo cha ujuzi nacho hakilingani: mwanamume huaminiwa hadi akosee, na mwanamke hushukiwa hadi apatie. Wengi hujifunza kukagua kwa timazi na pimamaji mbele ya watu wote, ili kile ambacho maneno yamekataa kukisema kisemwe na uzi ulionyooka.

Silaha iliyobaki ni maandishi. Ramani hubeba sahihi na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa, na sahihi haina sauti nene wala nyembamba. Lakini bango la mradi linalosimikwa barabarani kwa kawaida hutaja mteja, mkandarasi na kampuni za washauri. Mtu mwenyewe hatajwi. Msichana wa shule apitaye Mikumi anaweza kusoma mabango yote ya njia nzima asijue kwamba jengo lolote kati ya hayo limebuniwa na mwanamke.

7.0 Jina na haki

Huenda ikaulizwa: ikiwa nyumba imesimama na haivuji, jina la aliyeijenga lina faida gani? Jibu limo mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Kwa miaka kadhaa mahakama hazikukubaliana kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi hizo ni mchango, ingawa rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufanikiwa kwa sababu nyingine. Kilichobadilika siku hiyo ni mipaka ya neno. Nyumba zilikuwa zile zile na kazi zile zile. Neno mchango lilipanuliwa, na wanawake wengi wakapata pa kusimama.

Mfano wa mbali unaonyesha jambo lile lile kwa mwanamke mtaalamu. Denise Scott Brown, aliyezaliwa Nkana katika nchi ambayo leo ni Zambia, alifanya kazi kwa miongo mingi akishirikiana na mumewe, Robert Venturi, nchini Marekani. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, ilitolewa kwa mume peke yake. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard waliomba kosa hilo lirekebishwe, na maelfu ya watu walitia sahihi, lakini ombi lilikataliwa. Hatimaye, mwaka 2016, chama cha wabunifu majengo cha Marekani kiliwapa wote wawili nishani yake ya dhahabu kwa pamoja. Mwanamke wa kijijini aliyekandika na profesa aliyechora wamekutana katika sentensi moja: mume amejenga.

Kwa Kilosa suala hili lina uzito wa pekee. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaing'oa reli, ukabomoa nyumba na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi katika mahema. Baada ya maafa ya namna hiyo watu huorodheshwa, viwanja hupimwa, na nyumba huanza upya. Kwa kawaida orodha hupangwa kwa kaya, na kila kaya huandikwa kwa jina la mkuu wake. Neno mkuu wa kaya halina jinsia, kama vile fundi lisivyo na jinsia, lakini karani aliyeshika kalamu tayari ana picha akilini. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Lakini haki hiyo hupitia kwenye karatasi, na karatasi hupitia kwenye swali lile lile: nani amejenga?

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu haupendekezi kuunda nomino za kike kama zile za Kijerumani. Kiswahili hakizihitaji, na kuziunda kungekuwa kuipoteza neema ambayo lugha inayo tayari. Kinachohitajika ni kuyatumia maneno yaliyopo kwa upana ambao sarufi yenyewe inauruhusu.

Kwanza, watunga kamusi hawana budi kuyatazama upya maelezo na mifano ya maneno ya ujenzi. Kukandika na kusiriba yaelezwe kuwa hatua za kujenga, na mifano ya matumizi ya fundi, mwashi na mbunifu iwaonyeshe wanawake wakitenda.

Pili, istilahi za ujenzi wa asili katika Kikaguru, Kisagara, Kividunda na Kimaasai cha Waparakuyo zikusanywe sasa, na wakusanyaji wawaulize wanawake. Matofali ya kuchoma na bati vinaenea kwa kasi, na mwanamke anayejua majina ya namna za udongo huzeeka bila mrithi. Kazi hii inafaa sana kwa tasnifu za wanafunzi, na haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji masikio na daftari.

Tatu, mabango ya miradi na ripoti za Kiswahili zimtaje mbunifu kwa jina lake mwenyewe kando ya jina la kampuni. Aliyetia sahihi asomeke.

Nne, walimu wa sarufi wanapofundisha kauli za kutenda na kutendewa wasiishie kwenye viambishi. Wawaulize wanafunzi ni nani katika jamii huzoeleka kutenda, na ni nani huzoeleka kutendewa hali amechafuka udongo hadi viwikoni. Mwanafunzi akijifunza kuuliza hivyo, atakaposikia kwamba fulani amejenga Mikumi atataka kujua pia aliyebuni, aliyekandika na atakayeuziba ufa masika yakikaribia. Kujenga ni kazi ya watu wengi, na Kiswahili kina kiambishi wa- cha kuwataja wote.